Ndege Iliyotua Juu ya Mbuzi Wetu

Nyama ya mbuzi ikiwekwa motoni kabla mafuta ya taa hayajamaliza kuungua, harufu yake mimi siiwezi. Watoto wangu husema ni uzee. Si uzee. Niko hivi tangu meno ya utoto, na wale tuliolingana nao hapa Kathonzweni wanajua sababu, ingawa tumebaki wachache, na wengine wameanza kusahau majina. Mimi majina sijasahau.

Juzi tulimzika ndugu yangu Kioko. Wageni wa mbali walipokwisha kwenda, wajukuu waliobaki wakachinja mbuzi. Kuni zilikuwa na unyevu. Mwende, binti wa mwanangu Mutunga, akazimwagia mafuta ya taa, akawasha, na badala ya kungoja moto utulie akapanga nyama juu. Halafu akaja kuketi kando yangu na simu yake, akinihurumia nafikiri.

"Susu, hebu ona hii. Ni ndege kubwa inaangushwa makusudi."

"Makusudi na nani?"

"Na wenyewe. Wanatesti. Wanataka kujua ikianguka nani atapona, wa mbele ama wa nyuma."

Nikavaa miwani. Ilikuwa ndege ya kubeba abiria, kuukuu, inashuka mahali pakavu pasipo na mti. Mwende akanieleza kwamba rubani alikuwa amekwisha ruka na mwavuli, na watu wengine wanaiendesha kwa mbali. Ndani iliketi midoli mikubwa kama watu wazima, imevalishwa nguo, imefungwa mikanda tumboni. Mmoja uliachwa bila mkanda ili waone utakavyorushwa. Ndege ikagonga tumbo chini, kichwa kikakatika, vumbi likafunika kila kitu. Kisha wakaonyeshwa wenye kuifanya kazi hiyo, wamesimama mbali, wamevaa miwani myeusi. Wakakumbatiana. Wakapiga makofi.

Nikatema mate kando ya kiti.

"Susu! Ni midoli tu."

"Nimeona ni midoli."

Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumwelewesha hapo hapo. Kilichonitemesha mate si ile ndege kuvunjika. Ni yale makofi. Nilikuwa nimeyasikia zamani, kwa masikio yangu, nimesimama katikati ya matumbo ya mbuzi.

Boma letu lilikuwa ukingoni mwa uwanda mpana. Mvua ilipokosekana nyasi zile zilikuwa fupi kama nywele za mtu aliyenyolewa kwa msiba, na mbuzi walitawanyika mbali kutafuta chochote. Baba yetu Mutisya alikuwa kazini Mombasa. Nyumbani tulikuwa na mama yetu Ndinda, na nyanya yetu, Susu Kalunde, na Kioko, ambaye ndiye aliyechunga. Mimi, Mbithe, kazi yangu ilikuwa kumpelekea Kioko uji kwa kitete, yaani kibuyu kidogo cha shingo ndefu, na kunywa nusu njiani.

Mbuzi wetu niwataje, kwa sababu hakuna mwingine atakayewataja. Kulikuwa na Katune, mwekundu, mwenye mimba, ambaye mtoto wake alikuwa ameahidiwa Kioko awe wake mwenyewe. Kulikuwa na Syombua, aliyezaliwa siku ya mvua. Na beberu letu tulimwita Chifu, kwa ajili ya ndevu na harufu na vile alivyopenda kutangulia.

Ndege tulizijua. Zilipita juu kabisa, ndogo kama punje ya mtama, nasi watoto tukizipungia mikono na kuziagiza vitu. Ndege, niletee sukari! Ndege, niletee nguo! Kioko aliagiza viatu kila mara. Kwa hiyo siku ile nilipoiona inashuka, inashuka, haina kelele ya kawaida bali sauti ya kukohoa kama mzee wa kifua, mimi sikuogopa hata kidogo. Nilifikiri imenisikia. Nilifikiri hatimaye inaleta sukari.

"Mbithe, kimbia!" Kioko akapiga kelele.

Nikakimbilia kwenye vichaka. Kioko hakuja upande wangu. Alikimbilia mbuzi, fimbo juu, akipiga mluzi ule wa kuwakusanya, kwa maana mchungaji hafundishwi kukimbia peke yake. Propela ya upande mmoja ilikuwa imesimama tu kama mwiko uliosahauliwa ndani ya sufuria. Magurudumu yakagusa ardhi, yakaruka, yakagusa tena, na moja likachomoka. Lile gurudumu likapita uwanda kwa mbio zake lenyewe, kama lilikuwa na mahali pa kwenda. Likapita katikati ya mbuzi. Likapita kwa Kioko. Ndege yenyewe ikaburura tumbo mpaka ikaegemea kichuguu, ikanyamaza.

Harufu ndiyo iliyofika kwanza. Mafuta ya moto, udongo uliochimbuliwa, na kile kijani kibichi kinachotoka tumboni mwa mbuzi akipasuka. Vyote pamoja, katika pua moja. Mpaka leo nikiambiwa neno ndege, kabla ya kuona picha kichwani nasikia ile harufu.

Mlango ukafunguka, watu wakaanza kuruka chini. Wazungu wengi, Wahindi wachache. Walilia, wakacheka, wakakumbatiana, wakashikana nyuso kama watu wanaohakikisha kichwa bado kipo. Halafu bwana mmoja mwenye kofia akaanza kupiga makofi, akimtazama rubani, na wote wakamfuata. Makofi mengi, kama kanisani siku ya harusi. Nami, kwa akili ya mtoto, nikaelewa jambo moja: kwamba ndivyo wanavyoshuka. Kwamba ulikuwa mchezo wao, wamefanya makusudi, wamekuja hapa kwa sababu hapa kuna mbuzi, na umewaendea vizuri. Miaka mingi niliamini hivyo. Bwana mwingine akatoa kamera. Akawapiga picha wenzake mbele ya bawa, kisha akampa mtu ile kamera, akaenda akasimama kando ya Chifu aliyekuwa amelala na ulimi nje, akaweka mguu mmoja juu yake kama mwindaji. Akacheka. Na yule mwenye kamera akacheka.

Sasa nitasema jambo ambalo lilimchekesha Kioko maisha yake yote, ila mimi halijawahi kunichekesha.

Kwetu, mzee aliyeponea chupuchupu, labda ameponyoka nyoka au mto, akifika nyumbani huwatemea watoto mate kifuani. Ni baraka. Bahati yake bado iko mbichi mdomoni, kwa hiyo anaigawa kabla haijakauka. Susu Kalunde alitutemea hivyo kila mara. Basi karibu na mkia wa ndege nikamwona mzee mmoja mweupe, mwenye ndevu nyeupe, ameinama, ameshika magoti, anatema. Anatema na kutema. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwenyewe. Ametoka mbinguni mzima, na mdomo wake umejaa baraka mpaka zinamwagika chini bure.

Nikaenda nikasimama mbele yake, nikakinga viganja viwili.

Hakuniona. Macho yake yalikuwa wazi lakini hakuniona. Akatapika tena, na safari hii ikaniingia mikononi: vuguvugu, ya manjano, na vipande vya kitu alichokula huko juu. Nikajipaka kifuani kama nilivyofundishwa. Iliyobaki nikaifumbata, nikampelekea Kioko.

Nilimkuta ameketi, amejishika paja. Mguu wake wa kushoto chini ya goti ulikuwa umeangalia upande usio wake, na nzi walikuwa wamekwisha pata habari.

"Mbithe," akasema polepole, "Katune yuko wapi?"

Katune alikuwa nyuma yake, hapumui. Nikampaka Kioko paji la uso.

"Ni nini hiyo?"

"Baraka. Za mzee wa ndege."

Akanusa. "Baraka zinanuka chai iliyooza?" Ndipo naye akatapika.

Mama akaja akikimbia, leso imeanguka njiani, na nyuma yake majirani. Wale wa ndege walikuwa wanasalimiana bado. Nisidanganye: mtu mmoja alituona. Rubani. Aligeuka kutazama njia aliyopita na ndege yake, akaona mama amepiga magoti, akaja mbio. Alipouona ule mguu uso wake ukawa kama unga. Akarudi ndegeni, akakata mkanda mmoja wa kiti, wa kitambaa kigumu wenye kifungo cha chuma, akamfunga Kioko juu ya goti na kuvuta mpaka Kioko akazirai. Damu ikapungua. Halafu akasema na mama kwa lugha yake, maneno mengi. Akaonyesha injini, akaonyesha mbingu, akaonyesha uwanda wetu wote na kufungua mikono: hakuna kitu. Hata mimi niliielewa ile mikono. Alikuwa anasema aliangalia kutoka juu akaona mahali patupu. Mama akamtazama tu. Tulikuwa tunaishi pale tangu babu wa babu.

Lori la serikali likaja kutoka Kathonzweni. Dereva wake alikuwa Mulwa, mtu wa mji wa Salama, ambaye mama alimfahamu vizuri, kwa maana dada yake Mulwa aliolewa kijijini kwetu. Watu wa ndege wakapanda, wakapandishiwa na masanduku. Mama akambeba Kioko mgongoni kama mtoto mchanga, na Kioko alikuwa mkubwa, miguu inaburutika, mama akashika mlango wa lori.

"Mulwa, mwanangu apande."

"Ndinda, mimi nimetumwa watu wa ndege."

"Na huyu ameumizwa na nini, ng'ombe?"

"Usinitie taabuni. Nikibeba mtu mwingine nafutwa kesho."

"Basi uliza mkubwa wako. Huyo mwenye kofia."

Mulwa akauliza, kofia yake mwenyewe ameivua. Yule bwana, ndiye aliyeanzisha makofi, akauangalia mguu, akafunika pua kwa kitambaa, akatikisa kichwa.

"Anasema ndani kuna akina mama," Mulwa akasema akitazama chini. "Wakiona hiyo watatapika."

"Si wamekwisha tapika?" mama akasema. "Wanangu wote wawili wamepakwa."

Lori likaondoka. Masanduku yalipata nafasi. Mama alisimama hapo na mtoto mgongoni mpaka vumbi likamwangukia kichwani, na sikuwahi tena katika maisha yangu kuona mtu amesimama vile.

Mngefikiri basi majirani wangelia. Mzee Nzioka alikuwa amekwisha noa kisu chake kwenye jiwe.

"Nyama ni nyama," alisema. "Mbuzi kuuawa na chuma, kisu nacho si chuma?"

Wakawachuna. Walipompasua Katune wakamtoa mtoto wake, bado hana macho, wakamweka kando kwenye nyasi. Kuna waliokwenda kuchota mafuta yaliyokuwa yakivuja chini ya bawa, kwa kifuniko cha sufuria, wakawashia moto mbali kidogo chini ya mgunga, na wakaweka nyama wakati ule moshi mweusi bado unapanda. Hivyo ndivyo harufu yangu ilivyozaliwa. Watu tuliosali nao, watu ambao mama aliwapa mbegu, waliketi wakatafuna nyama inayonuka mafuta ya ndege, wakitema mafuta na kuendelea kutafuna. Mbwa wa Nzioka, jina lake Simba, alirushiwa kipande. Akanusa, akaenda zake. Mbwa!

Nzioka akamletea mama mfupa juu ya jani. "Ndinda, kula upate nguvu za kulia."

Kioko alikuwa amezinduka, amelazwa kivulini, amefunikwa leso. Akasema, "Hiyo ni Katune?"

Nzioka akaula ule mfupa mwenyewe.

Aliyetusaidia alikuja kwa biashara. Salimu, Mwislamu wa Kitui mjini, mnunuzi wa mifugo, alikuwa na lori lake bovu lililofungwa kwa kamba na waya, na nyuma alikuwa amebeba mbuzi aliokwisha nunua. Wakamsimamisha.

"Salimu! Mbuzi hawa tunakuachia rahisi, na ngozi zao."

"Mizoga sichukui, Nzioka, unajua. Mbona unanisimamisha?" Kisha akaona leso na nzi juu yake. "Na huyo?"

"Huyo ni wa Ndinda. Lori la serikali limemkataa."

Salimu akashuka. Akafunua leso, akaangalia uso wa Kioko kwanza, ndipo mguu. Nakumbuka mpango huo, uso kwanza.

"Huyu si mzoga," akasema. Akawageukia wanaume waliokuwa na mafuta midomoni. "Teremsheni mbuzi wangu. Wote. Na mnawe mikono kwanza."

Akawaacha mbuzi wake kwa Susu Kalunde bila hata kuwahesabu. "Mama, nichungie hawa." Akatandika magunia juu ya yale mavi ya mbuzi, wakamlaza Kioko, mama akapanda, wakaenda. Wale mbuzi Susu aliwachunga mwenyewe kwa miguu yake ya uzee, na Salimu aliporudi aliwakuta wote.

Jioni Susu Kalunde alinisugua kwa jivu na mchanga mpaka ngozi ikawaka.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Mzee wa ndege. Alinitemea baraka."

"Alikubariki ama alikutapikia?"

"Sijui, Susu."

Akaacha kusugua. "Mate ya baraka yanatoka kwa mtu anayekuona. Huyo alikuona?"

Nikafikiri. Nikayakumbuka yale macho. "Hapana."

"Basi ni matapishi. Leta mkono mwingine."

Hospitalini Kioko alikatwa mguu juu ya goti. Daktari alimwambia mama kwamba kama si ule mkanda angekufa uwandani, na kama angechelewa zaidi mkanda usingemsaidia. Mama alikuwa ameketi nje mlangoni, nguo ina damu iliyokauka, mlinzi alipofungua redio yake. Redio ikasema ndege imetua kwa dharura huko Ukambani, rubani ni hodari, na ashukuriwe Mungu hakuna aliyeumia.

"Mwambieni aje hapa," mama akasema.

"Nani, mama?"

"Huyo anayesema."

Baadaye walikuja watu na malori makubwa wakaifungua ndege vipande vipande wakaichukua. Lile gurudumu walilitafuta siku nzima vichakani mpaka wakalipata, wakalifuta vumbi. Lilikuwa na maana kwao. Kwetu nyumbani hawakufika, ingawa moshi wetu waliuona.

Kioko alirudi na fimbo mbili na ule mkanda. Akawa fundi wa viatu hapa sokoni, yeye aliyekuwa akiagiza viatu kwa ndege, na aliwashonea watu kwa miaka mingi akiwa ameketi pale pale karibu na duka la chumvi. Wateja wakimuuliza kuhusu mguu alisema, "Huo ulipanda ndege. Mimi nilikosa nafasi." Wakicheka naye alicheka. Mkanda ule aliuvaa kwenye suruali kila siku mpaka kitambaa kikawa laini kama sikio la ndama, na juzi mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga nao kabla hajawekwa ndani ya jeneza. Mhubiri alisema kaburini kwamba marehemu alipata ajali ndogo utotoni. Mulwa angesema hivyo hivyo, akitazama chini.

Basi Mwende akawa bado ananitazama na simu mkononi, na mate yangu bado hayajakauka kwenye vumbi.

"Rudisha nyuma," nikamwambia. "Pale midoli imekaa. Hapo. Huo mkanda unaujua?"

Akasogeza simu usoni. "Ni kama wa babu Kioko."

"Ndio huo. Sasa nionyeshe chini."

"Chini wapi?"

"Inapoangukia. Nani yuko pale chini?"

"Hakuna mtu, Susu." Akaanza kusoma maneno yaliyoandikwa, midomo ikitembea, halafu akapunguza sauti. "Wanasema walifunga eneo lote kwanza. Walizunguka wakaangalia kila mahali, wasije wakaua mtu."

"Soma tena."

"Wasije wakaua mtu. Ama mnyama."

Nikaivua miwani. Miaka yote nilikuwa nimemwachia yule rubani ile mikono yake mitupu, nikisema labda kweli mtu akiwa juu kule hawezi kuona. Injini ilikuwa imekufa, na mimi sijawahi kuwa juu. Kumbe inajulikana kwamba chini huwa kuna watu. Kumbe wakitaka, wanazunguka na kuangalia. Kwa midoli walifagia uwanda mzima.

Nyama ilikuwa imeiva, na vijana walikuwa wanaigombania wakilamba vidole. Mwende akaniuliza aniletee kipande gani.

"Wape hao," nikamwambia. "Mimi niletee maharagwe ya jana. Baridi hivyo hivyo."